Kabla ya karo, tiyo



Kiangazi kinapoanza, pesa za likelemba zinatafuta kazi. Mama mmoja analipa masomo, mwingine anabadilisha mabati, mwingine anasema: mwaka huu nitatengeneza duchi ya nyumba yangu. Vizuri sana. Lakini kila ninapoombwa shauri juu ya kazi hiyo, ulizo la kwanza ni hili: "Mwalimu, nichague karo za rangi gani?" Hilo ni ulizo la mwisho. Karo zinafunika kazi. Zenyewe si kazi. Zikisha kubandikwa, tiyo mbaya haionekani tena mpaka siku ukuta unapoanza kulowa. Siku hiyo unavunja karo ulizonunua kwa dolari ili ufikie tiyo uliyonunua kwa franka.

Mimi ni mwalimu, si plombie. Ninayoandika hapa nimeyakusanya kwa mafundi na kwa wamama waliokwisha kujenga, na palipo na hesabu nimeifanya kama ninavyoifanya ubaoni. Utaratibu ni mfupi, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuushika: kwanza hesabu ya maji, pili njia ya maji kutoka, tatu njia ya maji kuingia, nne fundi na jaribio, tano karo.

Kwanza: hesabu ya maji

Chukua jamaa ya watu 8. Tuseme kila mtu anaingia chooni mara 5 kwa siku: ni mara 40. Choo cha kuvuta maji cha zamani kinamwaga kama litri 9 kila mara. Mara 40 kwa litri 9 ni litri 360, yaani bidoni 18 za litri 20. Choo cha litri 6 kinataka litri 240, bidoni 12. Choo chenye vifungo viwili, kimoja cha litri 6 na kimoja cha litri 3, kinapunguza zaidi: kila mtu akitumia kifungo kikubwa mara moja na kidogo mara nne, nyumba nzima inamaliza litri 144, bidoni 7 na kidogo.

Siku bomba lina maji, hesabu hii haionekani. Siku bomba liko kavu, au umeme wa kuvuta maji ya foraje haupo, ndipo inaonekana, na nani atabeba? Jibu tunalijua wote: binti wa miaka 12, kabla ya shule. Bidoni moja iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Mimi ninampokea darasani baadaye, kichwa juu ya meza kabla ya rekreasio. Kwa hiyo mama anaponunua choo, ananunua pia kazi ya mtu. Uliza dukani: hiki kinatumia litri ngapi? Muuzaji asipojua, fungua kifuniko cha tanki lake utazame mistari ya ndani, au nunua kwa mwingine anayejua.

Mashauri mawili yanafuata hesabu hiyo. Moja: usibomoe choo cha nje siku ile choo cha ndani kinapoanza kufanya kazi. Kiache, kisafishe, kifunike vizuri, mpaka kiangazi kimoja kizima kipite na umeona maji yanatosha. La pili: chini ya duchi weka beseni ya kukinga maji ya kuoga. Maji hayo yenye sabuni yanatosha kusukuma choo, na binti analala nusu saa zaidi.

Pili: maji ya kutoka

Maji hufuata mkondo. Methali hii ndiyo nusu ya kazi ya plombie. Maji ya kuingia yanasukumwa, yanaweza kupanda ukuta na kugeuka kona; maji machafu hayasukumwi na mtu, yanashuka tu. Basi mahali pa choo ndani ya nyumba panachaguliwa na shimo la nje, si na mlango wala dirisha.

Kipimo cha kawaida ni mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Ikiwa kutoka choo mpaka fosi septiki ni mita 8, mwisho wa tiyo unapaswa kuwa chini kwa sentimita 16 kuliko mwanzo wake. Ukipunguza chini ya sentimita 1 kwa mita, uchafu unabaki njiani. Ukizidisha mno, maji yanakimbia na kuacha uchafu nyuma. Fundi hapimi mteremko kwa jicho. Anatumia nivo, au tiyo nyembamba ya plastiki inayoonyesha, iliyojazwa maji: ncha mbili za maji daima zinasimama usawa mmoja. Mwombe akuonyeshe. Ni somo zuri pia kwa watoto.

Ukubwa wa tiyo za kutoka: choo, milimita 100 au 110; duchi, milimita 50; lavabo, 32 au 40. Mtu akikuambia kwamba tiyo ya 50 inatosha choo, mshukuru na umtafute mwingine. Pasiwe na kona kali ya mraba chini ya ardhi. Kona mbili za digrii 45 zinapitisha vizuri zaidi. Kila mahali tiyo inapogeuka nje ya nyumba, jengeni regari, kile kisanduku cha simenti chenye kifuniko, ili siku ya kuziba ufungue hapo badala ya kuchimba parseli nzima.

Msisahau sifoni, ile kona chini ya lavabo na ya duchi inayobaki na maji siku zote. Sentimita 5 za maji ndani yake ndizo zinazozuia harufu na mende wa shimo wasiingie nyumbani. Nyumba zetu nyingi zinanuka kwa kukosa kitu hicho kidogo, halafu tunalaumu watoto. Duchi isipotumiwa majuma mengi, sifoni inakauka: mimina kopo la maji. Fosi nayo inahitaji tiyo ya pumzi inayopanda mpaka juu ya bati.

Sasa shimo lenyewe. Kipimo kinachofuatwa na watu wa afya ni mita 30 kati ya shimo la choo na kisima cha maji, na chini ya shimo kubaki angalau mita 1 na nusu juu ya maji ya ardhi. Tupime. Parseli ya mita 15 kwa 20: kutoka pembe moja mpaka pembe inayoielekea ni mita ngapi? Waliosoma Pythagoras wanakumbuka: 15 mara 15 ni 225, 20 mara 20 ni 400, jumla 625, na mzizi wake ni 25. Mita 25 tu! Hata ukiweka kisima pembe hii na shimo pembe ile, kipimo hakifiki. Na kisima cha jirani, je? Labda kiko mita 4 nyuma ya ukuta wako.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka alama ya shimo, zunguka upande wote wa ukuta na uulize majirani visima vyao viko wapi. Shimo liwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu. Fosi iwe na vyumba viwili au vitatu na kuta za simenti zisizovuja. Na pale ambapo umbali haupatikani, maji ya kisima yasinywewe hivi hivi: yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu hakijatuacha katika Katanga yetu, nacho kinapita njia hii hii.

Katika mji wetu kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya ujenzi havilitaji. Mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, mtu aliyekuwa anachimba parseli yake alikuta madini ya kobalti, na kwa muda mfupi mashimo yakaenea chini ya nyumba. Tangu wakati ule, Kolwezi, shimo refu uani si siri ya mwenye nyumba. Majirani watahesabu mifuko ya udongo. Mwambie shefu wa kartie mapema, waambie na majirani wa pande zote: tunachimba fosi, kina chake ni hiki, tutamaliza siku hii. Waulize wazee wa avenyu kama pamewahi kuchimbwa hapo. Fundi naye apige ardhi kwa chuma kabla ya kuweka uzito. Udongo uliojazwa juu ya shimo la zamani utazama pamoja na fosi yako. Na shimo lisilale wazi hata usiku mmoja: mbao, mabati, mawe juu yake. Watoto hawaoni gizani.

Tatu: maji ya kuingia

Nyumba nyingi za kambi za zamani zina tiyo za chuma za galva. Kwa nje zinaonekana nzima. Kwa ndani kutu imezifunga mpaka tundu limebaki kama la kalamu. Ukiunganisha duchi mpya kwenye tiyo hiyo, utapata duchi nzuri yenye maji ya machozi. Kata kipande kimoja, tazama ndani, ndipo uamue. Tiyo za plastiki za kuingiza maji zimeandikwa nguvu yake ubavuni, kwa mfano PN 10 au PN 16. Zile nyepesi za kijivu za kutolea maji machafu haziwezi kazi hiyo. Kuhusu muungano kabla ya kontere, hiyo ni kazi ya REGIDESO. Fundi wako anaanzia baada yake.

Kila choo, kila lavabo, kila duchi iwe na vani yake, yaani robine ndogo ya kufunga. Bila vani, robine moja ikiharibika unafunga maji ya nyumba yote, na mpishi anakasirika. Ni kitu cha bei ndogo ambacho fundi mwenye haraka hukiruka.

Wengi wanataka tanki juu. Fikirini mambo mawili. La kwanza ni uzito: litri 1000 ni tani moja kamili, uzito kama wa watu 15 wazima wamesimama mahali pamoja mchana na usiku. Ukuta wa matofali mabichi hauwezi. La pili ni nguvu ya maji: mita 10 za urefu zinatoa bari 1. Tanki likiwa mita 3 juu ya duchi, unapata sehemu tatu tu za kumi za bari. Choo kitajaa, lavabo itatoka, lakini duchi itakuwa ya polepole. Saidia kwa tiyo pana, 32 kutoka kwenye tanki, ikipungua karibu na robine tu. Na kabla ya kununua mashine ya kupasha maji papo hapo, soma inataka nguvu gani ya maji. Nyingine haziwaki kabisa kwa nguvu ndogo kama hiyo.

Maji ya moto si anasa hapa. Kolwezi iko zaidi ya mita 1400 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai wenye kuogesha watoto wachanga wanajua. Hata kama leo huna pesa za mashine, pitisha tiyo ya maji ya moto sasa, uizibe mwisho wake, uingoje siku ya pesa. Baada ya karo, tiyo hiyo itagharimu mara nyingi zaidi. Umeme nao: prizi isiwe karibu na duchi kuliko sentimita 60, na mashine iwe na waya wa ardhini.

Robine zenyewe zichukue mkononi kabla ya kununua. Nyepesi kama kikombe ni plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa. Nzito ni laitoni, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na sumaku haiishiki. Jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na shaba yetu inasafiri mbali. Angalau robine moja irudi nyumbani.

Nne: fundi na jaribio

Chora kwanza. Karatasi ya mraba ya daftari la hesabu inatosha: kila mraba ni sentimita 20. Weka mlango, choo, lavabo, duchi, tiyo za kutoka kwa rangi moja, za kuingia kwa rangi nyingine. Mbele ya choo acha sentimita 60 ili mama mjamzito au mzee ageuke. Kwa mchoro huo, omba devi kwa mafundi watatu. Bila mchoro, kila mmoja atakupa bei ya kazi nyingine, na hutaweza kulinganisha.

Andikeni makubaliano: vyombo gani, nani ananunua, siku ngapi, malipo mara ngapi. Malipo matatu yanafaa: moja mwanzoni, moja baada ya jaribio, la mwisho baada ya siku kumi za kutumia. Na mama, jina lako liwe kwenye karatasi na kwenye fakture, hasa ikiwa pesa ni za likelemba yako. Tangu sheria ya 15 Julai 2016 iliyorekebisha Kanuni ya Jamaa, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili kufanya mkataba. Sheria inawataka wenye ndoa wasikilizane. Kaeni basi wawili mezani, msikilizane, mtie saini wote wawili.

Jaribio ndiyo mamlaka yako. Kabla ya simenti kufunika tiyo, jambo hili lifanyike mbele ya macho yako:

Tiyo za kuingia: zifungwe ncha zote, zijazwe maji, zibaki hivyo usiku mzima. Andika namba ya kontere jioni, isome asubuhi bila mtu kutumia maji. Namba ikisogea, kuna mahali panapovuja.

Tiyo za kutoka: ziba mwisho, jaza maji, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, rudi baada ya saa kadhaa.

Chini ya duchi, sakafu ikisha kupakwa dawa ya kuzuia maji: ziba tundu, mimina maji ya sentimita 2, acha siku moja nzima. Kisha tazama ukuta wa chumba cha pili.

Fundi akisema, "Mama, usiogope, kazi hii naijua," mjibu kwa heshima: "Papa fundi, siogopi, naangalia tu. Tukisha kuangalia pamoja, nitakulipa kwa furaha." Fundi mzuri hachukii jambo hilo. Jaribio linamlinda naye asiitwe bure baada ya mwezi.

Tano: karo, na karatasi

Sasa chagua rangi! Chagua kwa moyo wote. Kwa sakafu pekee, chukua karo zenye kukwaruza kidogo, kwa ajili ya bibi na watoto, na sakafu iteremke kuelekea tundu.

Lakini kabla ya karo ya kwanza kubandikwa, piga picha ya kila ukuta tiyo zikiwa wazi, na mita ya kupimia ikionekana kando yake. Picha hiyo itamwambia fundi wa kesho mahali pa kutoboa na mahali pa kuacha. Weka picha, devi, fakture na mchoro katika bahasha moja, pamoja na karatasi za parseli.

Bahasha hiyo ina kazi nyingine. Mji wetu umekaa juu ya madini, na migodi imesogea mpaka kwenye kuta za nyumba. Jamaa za Kasulo na za Cité Gécamines zimekwisha kuhamishwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya umma, na kwa malipo ya haki yanayotolewa mbele. Lakini malipo ya haki yanahesabiwa juu ya kile kinachoonekana na kile kilichoandikwa. Fosi iko chini ya ardhi, tiyo ziko ndani ya ukuta. Mwenye kuhesabu akipita, ataona chumba kidogo chenye karo. Wewe utamfungulia bahasha na kumwonyesha kazi nzima. Na kama unakaa karibu na mgodi na kuna maneno ya kuhama, uliza kwa shefu wa kartie na kwa komine kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti. Mpangaji naye aandikiane na mwenye nyumba kwanza: kazi hii inakatwa katika kodi, au ni zawadi?

Kazi ya nyumbani ya juma hili

Siku ya posho, chukua mita ya kupimia, daftari na mtoto mmoja anayejua kuzidisha. Pimeni parseli kutoka pembe hadi pembe. Andikeni mahali pa kisima chenu na cha kila jirani. Hesabuni bidoni ambazo nyumba inatumia kwa siku tatu, na jina la mwenye kuzibeba. Leteni daftari kwenye mkutano wa kikundi, tutachora pamoja. Mwenye zamu ya likelemba mwezi huu akae mbele.

Juma lijalo tutaongea juu ya fosi iliyokwisha kujengwa: kwa nini kumwaga javeli nyingi chooni kunaua wadudu wadogo wanaotufanyia kazi ndani yake, na namna ya kujua kwamba imejaa kabla haijatuaibisha mbele ya wageni.